Mtoto kaumia kichwa "kidogo" na sasa ana kiwewe: mwongozo kamili wa kumtibu hatua kwa hatua

Mtoto kagongwa na boda, ama kaanguka kutoka gorofani, ama matatu imepinduka nao wakitoka skuli. Mkakimbia spitali, daktari akamwangalia, akasema ni jeraha dogo la kichwa, mpeni panadol apumzike, mkashukuru Mungu mkarudi nyumbani. Wiki tatu baadaye ndo kazi yaanza. Mtoto halali, akilala aamka akipiga kelele, boda ikipiga honi aruka, kitanda akojoa na alishaacha zamani, skuli hataki, na kila siku kichwa chauma. Na nyumbani kila mtu ana lake: bibi asema ni jini limemwingia pale barabarani, babake asema anadeka tu, jirani asema huyo ubongo ushaguswa, masomo basi tena.

Mara nyingi si jini, si kudeka, na ubongo haujaharibika. Huyo mtoto ana vitu viwili kwa wakati mmoja, kichwa kilichotikisika na moyo ulioshtuka (hicho ndo kiwewe), na vyote viwili vinatibika, ila vinataka kutibiwa pamoja. Ukingoja kichwa kipoe kabisa ndo ushughulike na hofu, hofu yaota mizizi. Ukishughulika na hofu peke yake bila kujali kichwa, mtoto achoka, kichwa chauma, na nyote mwakata tamaa mwaona tiba haifanyi kazi.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni jeraha dogo

Madaktari wakisema "dogo" wana maana yao. Mtoto hakuzimia, au alizimia lakini haikuzidi nusu saa, kusahau au kuchanganyikiwa hakukuzidi siku moja, na kipimo chao cha fahamu kilikuwa 13 hadi 15, manake 15 ndo alama ya juu kabisa, yaani fahamu kamili. Wengi hawazimii kabisa, na bado ni jeraha la kichwa. Siti skani, ile picha ya ndani ya kichwa ya kupigwa kwa miale, si lazima kwa kila mtoto, kwa hivyo daktari akimchunguza akaona haihitajiki usimgombeze ukadhani amekupuuza, miale yenyewe haifai kumpiga mtoto bila sababu.

Lakini ukiona mojawapo ya haya usingoje asubuhi: atapika tena na tena, kichwa chazidi kuuma badala ya kupungua, apata kifafa, haamki vizuri, mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyingine, maneno yamkwama, mkono au mguu wakosa nguvu, maji meupe ama damu yatoka puani au sikioni, au awa kama hawajui watu wa nyumbani. Mtoto mchanga, akilia bila kubembelezeka au akikataa kunyonya, mpeleke. Kwa hapa Mombasa spitali ya Coast General ndo kubwa, lakini kama uko Likoni na ferry imeshonana anza na spitali iliyo karibu nawe, wao watakutuma mbele ikibidi. Na hii habari ya kumzuia mtoto asilale usiku kucha iacheni. Daktari akishamwona na akasema yuko sawa, mwache alale, usingizi ndo dawa yake. Kama ameambiwa achunguzwe usiku, utamwamsha kidogo uone ajibu, halafu arudi kulala.

Jambo moja tena hapa, nalo ni zito. Kama kichwa kiliumizwa na mtu, awe mzazi, ami, ustadhi, ticha, yeyote, basi tiba yote ninayoeleza hapa chini haitashika mpaka mtoto atolewe kwenye hatari. Hakuna mtoto anayepona hofu huku anayemtia hofu analala chumba cha pili. Piga 116, ni ya bure, ni laini ya watoto.

Hatua ya 2: Siku mbili za kupumzika, halafu atoke kitandani

Hapa ndo wengi twakosea kwa mapenzi. Mtoto afungiwa chumbani, pazia zimeshushwa, hatoki, hachezi, watu waambiwa wasipige kelele, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zamani hata madaktari walishauri hivyo. Siku hizi miongozo imebadilika: mapumziko ni siku moja mpaka mbili, si ya giza totoro, ni ya utulivu tu, na simu na tivii zipunguzwe sana saa 48 za kwanza. Baada ya hapo aanze kutembea kidogo ndani ya nyumba, nje mpaka dukani, arudi. Dalili zikipanda kidogo ni sawa, zikipanda sana apumzike, kesho ajaribu tena.

Na ukimfungia ndani muda mrefu wamuumiza mara mbili. Mwili wapoteza nguvu na usingizi waharibika, hiyo ya kwanza, na ya pili yeye mwenyewe afahamu kuwa nje ni hatari, manake mbona mama hanitoi? Hofu yake mwaipalilia wenyewe bila kujua.

Mpira, kukimbizana, na kuruka majini, hayo ya mwisho kabisa. Akirudi skuli siku nzima bila shida ndo muanze kufikiria mpira, na mpira wenyewe pole pole, kutembea, kukimbia polepole, kupiga mpira peke yake, mwisho kabisa mechi, na daktari awe amesema ndio. Najua watoto wa Mombasa na kupiga mbizi pale Mama Ngina. Kichwa kikigongwa mara ya pili kabla ya kupona cha kwanza mambo yawa mengine kabisa, kwa hivyo hapo usilegee hata akilia.

Siku hizo za kwanza mtoto mwambie ukweli kwa maneno machache: "Pikipiki ilikugonga, ukaumia kichwa, daktari amekuona, wapona. Ukiota ndoto mbaya ama ukishtuka niambie, huja kwa watoto wengi na hupungua." Basi. Usimkalishe ukamhoji kila kitu, na usikubali mtu aje siku ya pili amlazimishe asimulie yote kwa kikao kimoja, hiyo haimkingi na kiwewe. Na ile video ya ajali inayozunguka WhatsApp, ifute kwa simu zote za nyumbani, hata ya yule ami anayependa kuonyesha wageni.

Hatua ya 3: Daftari

Nunua daftari la shilingi ishirini, na kila jioni andika mistari mitatu minne. Hili ndo jambo dogo lenye faida kubwa kuliko yote kwenye mwongozo huu, manake dalili za kichwa na dalili za kiwewe zafanana sana: usingizi mbovu, hasira, kusahau, kichwa kuuma, kutotulia darasani. Hata daktari mzuri hawezi kuzitenganisha kwa dakika kumi za kliniki. Daftari laweza.

Andika kichwa kimeuma saa ngapi na kabla yake alikuwa afanya nini. Kikiuma baada ya kusoma, baada ya simu, kwenye mwanga mkali ama kelele za sokoni, ama akigeuza kichwa haraka akapata kizunguzungu, hapo kichwa chenyewe ndo chaongea. Kikiuma kila mkikaribia ile barabara, ama asubuhi za skuli tu na Jumamosi hakiumi, hapo yaelekea ni hofu. Usingizi: ashindwa tu kulala, au alala halafu aamka na ndoto? Hasira: yaja jioni akiwa amechoka, au yaja ghafla baada ya honi, king'ora, harufu ya petroli? Saa ingine ni vyote viwili, andika hivyo hivyo.

Zinazoashiria kiwewe zaidi ni hizi: tukio lamrudia bila kulitaka, akwepa mahali ama watu ama hata neno lenyewe, ashtuka ovyo na yuko macho kama mlinzi, na moyo umebadilika, hacheki, hataki wenziwe, asema "ni makosa yangu". Wadogo wa chini ya miaka sita hawasemi hivyo, utawaona kwenye mchezo: agonganisha vigari, agonganisha, agonganisha, kila siku mchezo ule ule na haumfurahishi. Ama arudi utotoni, akojoa, ang'ang'ania kanga ya mamake mpaka chooni wafuatana.

Halafu kuna hii ya "lakini alizimia, hakumbuki kitu, kiwewe kitatoka wapi?" Chatoka. Mtoto aweza kukosa kumbukumbu ya kugongwa na akabaki na ya kuamka amezungukwa na watu wakipiga kelele, damu kwa shati, sindano, mamake akilia. Mwili pia wakumbuka usichoweza kusimulia, na mengine ayajenga kwa hadithi alizosikia watu wakipiga barazani. Kutokumbuka hakumkingi.

Hatua ya 4: Mwezi ukipita, tafuta tiba

Watoto wengi kichwa hupoa ndani ya wiki nne hivi. Mshtuko nao kwa wengi hupungua mwezi wa kwanza, ndio sababu PTSD, yaani ugonjwa wa kiwewe wenyewe, haisemwi mpaka dalili zipite mwezi mmoja. Kwa hivyo wiki ya pili usiwe na wasiwasi mkubwa, wiki ya tano usikae. Na usingoje mwezi wowote kama mtoto asema afadhali angekufa, ajiumiza, au amekataa kula, hiyo ni leo.

Pa kuanzia: rudi spitali ya rufaa na daftari lako, omba aonwe na wa afya ya akili pamoja na wa watoto. Port Reitz pia kuna kliniki ya afya ya akili, na usiogope jina, watu wa Mombasa mtu akisikia Port Reitz afikiria wendawazimu, wacha wafikirie. Kwa simu, 1199 ya Red Cross ni ya bure na utaongea na mshauri, si mbaya ukiwa hujui uanzie wapi.

Ukimpata kaunsela muulize wazi, bila haya: umesomea tiba ya kiwewe kwa watoto, ile inayoitwa TF-CBT? Mzazi aingia kwenye vikao au abaki nje? Umeshatibu mtoto aliyeumia kichwa? Kaunsela mzuri hatakasirika. Akiwa kazi yake ni kumpa mtoto mawaidha awe jasiri, asante, tafuta mwingine.

Na usivunjike moyo ukidhani hii ni tiba ya Ulaya tu. Imefanyiwa utafiti hapa hapa Kenya, Bungoma, na kule Moshi Tanzania, kwa watoto waliofiwa na wazazi, na waliowatibu hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida wa mtaani waliofunzwa na kusimamiwa. Matokeo yalitoka mwaka 2020 na sehemu nyingi watoto walipata nafuu zaidi ya wale waliopewa huduma za kawaida.

Hatua ya 5: Ndani ya tiba yenyewe, na namna ya kumpunguzia huyu wa kichwa

TF-CBT kwa kawaida ni vikao 12 hadi 16, kimoja kwa wiki, na mzazi yumo ndani. Huanza kwa kumfundisha mtoto nini kimempata, kisha kupumua taratibu na kulegeza mwili, kutaja hisia, kukamata mawazo yanayomdanganya. Halafu yaja kazi yenyewe: mtoto asimulia lile tukio kidogo kidogo, kwa kuandika, kuchora au kusema, mara ya kwanza kwa juu juu, mara ya pili kwa undani, mpaka liwe jambo lililompata, si jambo linalompata kila usiku. Mwisho akusomea wewe mzazi. Jitayarishe, utalia, ila kalie na kaunsela kabla, mbele ya mtoto usikilize.

Sasa huyu wetu kichwa chake kina mafuta kidogo kwa siku, yakiisha yameisha. Kwa hivyo omba haya. Vikao viwe vifupi, nusu saa na mapumziko katikati badala ya saa nzima, na viwe asubuhi kabla hajachoka. Aliyofunzwa yaandikwe ama yachorwe kwa karatasi apeleke nyumbani, manake atasahau, na kusahau si ukaidi. Kama kufunga macho kwampa kizunguzungu, apumue macho wazi akiangalia kitu kimoja. Tiba nyingine nzuri ni EMDR, ile ya kufuatisha macho huku na huku, lakini kama macho na kichwa bado vyasumbua mwambie anayemtibu atumie kugusa mikono kwa zamu badala ya macho, huwa wanajua.

Na kwenye hadithi yake, pale asipokumbuka paachwe wazi. Aandike "hapa sikumbuki, nilikuja kuamka spitali". Msimjazie kwa ya mashahidi, msimlazimishe akumbuke, pengo lenyewe ni sehemu ya kweli ya hadithi.

Mawazo ya kuyasikiliza kwa makini ni mawili. "Ni makosa yangu, niliambiwa nisivuke." Na lile la pili wazazi hulikosa: "Nimekuwa mjinga, akili yangu imeharibika." Hilo mara nyingi kalisikia kwenu. Mwambie alivyoambiwa na daktari, kwamba ubongo wapona, na umwonyeshe kwenye daftari ya mwezi jana na ya leo.

Hatua ya 6: Ngazi mbili

Hofu haiondoki kwa kuikwepa wala kwa kusukumwa, yaondoka kwa kupanda ngazi. Tuseme mtoto kagongwa kwenye barabara ya Kongowea. Ngazi ya kwanza achora pikipiki. Ya pili mkae barazani mkizihesabu zikipita. Ya tatu mtembee mpaka konani. Ya nne msimame karibu na steji ya boda, zimezimwa. Ya tano muvuke mkishikana mikono wakati hakuna msongamano. Ya sita mpande tuktuk safari fupi. Kila ngazi muulize hofu yako ni ngapi kutoka 0 mpaka 10, na mkae pale pale mpaka ishuke, hata ishuke nusu tu. Ukimwondoa hofu ikiwa juu kabisa, hofu ndo imeshinda siku hiyo. Rudieni ngazi hiyo hiyo siku kadhaa kabla ya kupanda. Usimdanganye, ukisema hatuvuki leo msivuke.

Kichwa nacho kina ngazi yake: kutembea, kusoma kidogo, nusu siku ya skuli, siku nzima, mazoezi. Kanuni yangu ni msipande ngazi mbili siku moja. Kama leo ndo mara ya kwanza skuli siku nzima, leo si siku ya kujaribu kuvuka barabara. Na mkiwa barabarani akasema kichwa, mwamini, mkae kivulini, maji, dakika chache, kisha rudini ngazi ile ile mmalizie japo kidogo. Mkikimbilia nyumbani kila kichwa kikiuma, atajifunza kichwa kuuma ndo mlango wa kutokea, na wala hatakuwa anadanganya, kitauma kweli.

Hatua ya 7: Usiku, na dawa

Kulala na kuamka saa zile zile kila siku hata wikendi. Simu nje ya chumba, hakuna soda ya kola wala kahawa jioni, hata ile ya kuonjeshwa na babu. Ndoto ikiwa ile ile kila usiku, mchana wakati wa utulivu aisimulie halafu abuni mwisho mwingine, boda yasimama, ama yeye aruka juu kama ndege, achore huo mwisho mpya na aupitie kabla ya kulala. Kojo la usiku halichapiwi wala halitangazwi kwa majirani.

Panadol ni kwa uzito wa mtoto na si ya kila siku, ikizidi siku mbili tatu kwa wiki kwa muda mrefu yenyewe yaanza kuleta maumivu ya kichwa. Aspirini mtoto hapewi. Dawa za usingizi za kununua kwa kemisti, valium, ama piriton ya kumlevya alale, hapana kabisa. Muongozo wa Uingereza wa 2018 wasema wazi dawa zisitumiwe kutibu PTSD kwa walio chini ya miaka 18, tiba ni ya kuzungumza. Ila kama mtoto ana dawa zake alizoandikiwa kwa ugonjwa mwingine usizikate mwenyewe.

Kuhusu kusomewa. Sikatazi, mama kumwekea mtoto mkono kichwani akamsomea Ayatul Kursi polepole kabla ya kulala humtuliza, na utulivu ndo tuutakao. Ninachokataa ni kushikwa kwa nguvu, kufukizwa moshi usoni, kupigwa ati jini litoke, na kuambiwa mbele yake kwamba ana kitu ndani. Mtoto aliyekuwa aogopa barabara sasa ajiogopa mwenyewe.

Hatua ya 8: Skuli na chuo (madrasa)

Ongea na ticha wa darasa na ustadhi wote wawili, chuo watu hukisahau, na kuhifadhi Qur'ani ni kazi nzito kwa kichwa kilichotikisika kuliko hata hesabu. Omba mambo mahususi: nusu siku kwa wiki ya kwanza, kupumzika dakika kumi kila baada ya somo, akae mbele mbali na dirisha la barabarani, mtihani uahirishwe, kuhifadhi kupunguzwe awe asikiliza tu. Mtu mmoja mzima wa kumkimbilia akishtuka. Fimbo ni marufuku kisheria Kenya, mkumbushe kwa upole anayehitaji kukumbushwa. Lakini arudi, ndani ya siku chache kama kichwa charuhusu, kukaa nyumbani mwezi mzima hakumsaidii.

Na wewe pia. Kama mlikuwa pamoja kwenye ile boda, au ndiwe uliyemkimbiza spitali, yawezekana na wewe hulali. Mzazi mwenye kiwewe kisichotibiwa mtoto wake achelewa kupona, kwa hivyo vikao vyako si anasa.

Ikifika vikao sita saba daftari halionyeshi mabadiliko yoyote, usiache kimya kimya, muulize kaunsela twabadilisha nini. Kichwa na kizunguzungu vikizidi mwezi, omba rufaa kwa daktari wa neva, macho yapimwe, na kuna mazoezi ya fizio ya kizunguzungu yanayosaidia. Na kama kuna kesi ya ajali, fomu ya P3 (ile ya polisi ya daktari kuandika majeraha), polisi, wakili, mwambie kaunsela tarehe mapema. Siku mtoto aambiwa asimulie tena mbele ya watu asiowajua huenda usiku ukarudi vile vile ulivyokuwa mwanzo. Mkitokewa na hilo shukeni ngazi moja kwa siku chache, daftari liendelee, kisha mpande tena.